Mafuta Yaliyobaki kwa Verlande

Niwieni radhi kabla sijaanza: hii nitaisimulia vibaya. Kisa cha jini kinataka msimulizi mwenye sauti nzito na uso wa msiba, na mimi nina uso ambao hata kwenye maziko ya mjomba wangu waliniomba nikakae nyuma. Lakini mdogo wangu Gilman hataki kukizungumzia, na mkewe Lucette kila akianza hukishika kiganja chake cha kulia akanyamaza. Nimebaki mimi. Mkiniona natia mzaha pasipofaa, vumilieni. Mdomo wangu ulishazoea kutembea peke yake.

Gilman na Lucette Daigle hununua nyumba kuukuu hapa Fort Kent, mji wa baridi kaskazini kabisa mwa Marekani, huzikarabati, kisha huziuza. Gilman ana mbao, mabomba na matusi. Lucette ana plasta. Mwanamke yule akipitisha kiganja juu ya ukuta, macho amefumba, anakwambia palipo na mwinuko mwembamba kama unywele, na watu hununua kuta zake, nyumba wanapewa kama nyongeza. Mimi, Renaud, niliyetengeneza boila za mafuta, zile zinazopasha nyumba joto, miaka ishirini na sita mpaka magoti yakanistaafisha, kazi yangu ni kuteremka chumba cha chini kabla hawajanunua, nikatazame habari za joto. Huku nyumba inaweza kukosa mlango ikauzika. Ikikosa joto, umenunua barafu yenye paa.

Ile nyumba ilikuwa ya Verlande Saucier, mjane wa miaka themanini na ushei aliyekuwa anahamia makao ya wazee. Niliteremka mwanzoni mwa Novemba. Boila ilikuwa ya chuma kizito, haina ufa. Tangi lilisimama kwenye kona kwa miguu yake minne, tumbo kavu, halina doa la kutu. Nikaligonga kwa kifundo cha kidole kutoka juu kwenda chini, kama tufanyavyo sote, kusikiliza mlio unabadilika wapi, maana hapo ndipo mafuta yalipofikia. Yalikuwa yamebaki chini kabisa, kimo cha shubiri moja. Kwenye boila ilining'inia kadi ambayo kila fundi anayeihudumia huandika tarehe. Tarehe ya mwisho ilikuwa ya miaka kumi na mmoja nyuma.

Boila ambayo haijawashwa miaka kumi na mmoja, katika mji huu. Mtu mwenye akili angeuliza. Mimi nilipanda ngazi nikawaambia, "Imepumzika vizuri, haina hata uchovu. Nunueni."

Siku ya kusaini tulikaa jikoni kwake, na pumzi zetu zilikuwa zinaonekana. Desturi ya huku ni kwamba mafuta yaliyobaki hupimwa kwa kijiti, mnunuzi akamlipa muuzaji, na maisha yakaendelea. Verlande akatikisa kichwa.

"Yale ya chini siuzi. Nimeshaita lori. Linakuja Ijumaa kuyanyonya, nitalipa mimi."

"Mama," nikamwambia, "nyumba huuzwa na mafuta yake. Kuyatoa ni kama kumvua bwana harusi suruali mlangoni pa kanisa. Ndoa ni halali, lakini nani atatazama bibi harusi?"

Gilman akacheka. Bibi yule hakucheka.

"Sitaki pesa yenu. Nataka yatoke yakiwa hayana mwenyewe."

"Mwenyewe yupo. Anaitwa Gilman, na meno yake yanagongana."

Lucette aliona aibu kwa ajili yangu, jambo alilolizoea. Akamshika bibi mkono. "Usijisumbue, mama. Tunayataka kweli. Plasta yangu haikauki kwenye baridi hii. Yaache tu."

Verlande akamgeukia.

"Umesema mwenyewe?"

"Nimesema."

"Haya," akasema, akafunika kalamu.

Wiki ya kwanza boila iliwaka vizuri, na rejeta, yale mabomba ya chuma ya kupashia vyumba joto, zikapata moto. Jumanne, saa kumi jioni, jua la huku la majira ya baridi limeshazama, Lucette alikuwa juu ya ngazi sebuleni akipiga plasta, na Gilman alikuwa amelala chini ya sinki. Nje ya ukuta ikalia filimbi.

Kila mtu hapa anaijua filimbi hiyo. Lori la mafuta likija, dereva huunganisha mpira kwenye bomba lililo nje, na mafuta yakiingia, hewa ya ndani ya tangi hutoka kwa bomba la pili lenye filimbi. Ikilia, tangi lina nafasi. Dereva huitegea sikio. Ikinyamaza, tangi limejaa, naye anazima.

"Umeagiza mafuta?" Lucette akauliza kutoka juu.

"Si wewe?"

"Mimi nina ndoo tatu za plasta zinakauka, niagize mafuta saa ngapi?"

Gilman akatoka chini ya sinki, akafungua mlango. Hapakuwa na lori. Theluji iliyoanguka tangu asubuhi ilikuwa imelala njia nzima, haina alama ya tairi wala ya kiatu, na filimbi ilikuwa inalia palepale ukutani, nyembamba, ya mtu asiye na haraka. Ililia kama dakika mbili. Kisha ikapumzika.

Kesho yake Gilman aliteremka akakuta geji, kile kipimo kilicho juu ya tangi, imepanda. Akanipigia simu.

"Kaka, nimechoma mafuta siku saba, na tangi limeongezeka."

"Geji imekwama. Ipige kofi."

"Nimeipiga."

"Basi nyamaza, ule riziki yako."

Ndivyo nilivyosema. Mafuta yanaongezeka yenyewe kwenye nyumba mnayotaka kuiuza, na mtaalamu wa familia anawaambia mle riziki.

Filimbi ikaja kila siku, saa kumi. Wakaizoea. Gilman alifikia hatua ya kutegemea filimbi kufungua chupa ya chai. Kulikuwa na kitu kimoja tu hawakukizoea, nacho ni harufu. Chumba chenye mafuta hunuka mafuta. Kile kilianza kunuka blanketi ambalo mtu ametoka kulala, joto lake lingalimo.

Siku ya nane ya filimbi Lucette aliniita nitazame ukuta wa ukumbini.

"Shemeji, pitisha mkono hapo. Pamelala?"

Nikapitisha. "Pana vilima hapa. Tunaweza kufuga mbuzi."

Nilitegemea anitukane. Alitazama ncha za vidole vyake. "Sivisikii," akasema. "Tangu juzi. Nagusa, lakini ni kama anagusa mtu mwingine."

Tukasema ni baridi. Tukasema ni mishipa. Daktari akamchoma sindano kila kidole, akaandika karatasi, akasema kila kitu kiko sawa. Geji ilikuwa robo, na ganzi ilikuwa kwenye vidole. Geji ilipofika nusu, ganzi ilikuwa imefika kiwiko. Hakuna aliyeyaweka mambo hayo mawili pamoja. Ningeweza kuyaweka mimi, lakini nilikuwa na kazi ya kuchekesha watu.

Aliyeyaweka ni Gilman, siku ya Jumamosi. Walikuwa wanakula ploye zilizopoa, zile chapati laini za huku, wamekaa sebuleni juu ya ndoo, Lucette ameegemeza kiganja cha kulia juu ya rejeta. Gilman akasikia harufu ya nyama inayoungua. Akadhani ni jikoni, akakumbuka jiko halijaunganishwa. Harufu ilikuwa inatoka pembeni yake, mkewe alikuwa anatafuna, na chini ya kiganja chake palikuwa panatoa sauti ndogo, ile ya mafuta kwenye kikaango.

Alipomvuta, ngozi ilibaki kwenye chuma.

Lucette akakitazama kiganja. "Aa," akasema. Akachukua ploye nyingine kwa mkono wa kushoto.

"Lucette."

"Nimeona. Mbona unanitazama hivyo?"

Jioni ileile binti yao alipiga simu kutoka Bangor kusema ana mimba ya miezi mitatu. Walikuwa wameiombea mimba hiyo miaka sita. Lucette alisikiliza mpaka mwisho, akasema "Sawa," akakata. Ndipo Gilman alipokuja kwangu, akakaa kwenye gari nje ya nyumba yangu kwa muda mrefu kabla hajabisha.

"Mke wangu anaondoka, kaka," akasema. "Anakaa palepale, lakini anaondoka. Na anakokwenda ni mle tangini."

Tukafanya yale ambayo watu wazima hufanya. Walihamisha vifaa, wakaacha kuikanyaga ile nyumba, wakakaa kwao upande wa pili wa mto. Ganzi ikafuata, ikashika bega. Nikasema basi tuyachome yote. Nikaenda, nikafungua madirisha, nikaiacha boila ing'ang'ane siku mbili mchana na usiku mpaka theluji ikayeyuka ukutani nje. Geji haikushuka hata kwa upana wa ukucha. Ikapanda.

Siku hiyo ya pili, saa kumi kasoro, niliteremka na tochi, na sikuwa nimeogopa, kwa sababu nimekaa na matangi kuliko nilivyokaa na watu, na nikafanya kile nikifanyacho siku zote, nikaligonga kwa kifundo cha kidole kutoka juu kuja chini, mlio mtupu, mtupu, mtupu, halafu mlio mnene pale mafuta yalipofikia, juu kabisa, karibu na bega la tangi, na nilipotoa mkono, kutoka upande wa ndani, mahali palepale nilipogonga mwisho, kikagonga kifundo kingine, polepole, mara moja, kisha kikaanza kushuka, mnene, mnene, mnene, kwa nafasi zilezile nilizoziacha mimi, kama fundi mwenzangu aliye upande wa pili anayenipima nimejaa kiasi gani, na kilipofika usawa wa tumbo langu kikatulia, na chuma chote kilikuwa na joto la shavu la mtu, na juu ya kichwa changu, nje, kwenye theluji, filimbi ikaanza.

Sikukimbia. Nataka hilo lijulikane. Magoti hayakimbii. Nilipanda ngazi kwa makalio, kinyumenyume, nikilitazama.

Asubuhi nilimpeleka Gilman kwa Verlande. Tulimkuta amekaa dirishani, shali magotini, anachambua maharage ya watu wa jikoni ili asikae bure. Gilman alipomaliza kumweleza, hakuonyesha kushangaa.

"Limefika wapi?" akauliza.

"Shingoni," Gilman akasema. "Asubuhi alishindwa kumaliza jina langu."

"Nauliza tangi."

"Robo tatu, na kitu juu."

Akaweka bakuli chini. "Mume wangu Odias aliyanunua pamoja na nyumba, kama nyinyi. Aliyakuta, akayataka. Tulifurahi mwaka mzima hatununui. Halafu siku moja, Februari, filimbi ikaanza kulia ikanyamaza katikati. Tangi limejaa. Odias alikuwa mezani, kijiko mdomoni. Akabaki hivyo. Aliishi miaka tisa tena, nikimlisha, nikimfunga vifungo. Alikuwa anapumua. Yeye mwenyewe hakuwemo."

"Na mafuta?" nikauliza.

"Likishajaa, huyameza yote, linabakisha yale ya chini. Odias alipokufa yakawa hayana mwenyewe, nikayaacha yalale. Nilichoma kuni miaka kumi na mmoja, sikuigusa ile boila. Nilitaka kuyatoa yakiwa usingizini, yafungiwe kwenye mapipa, asiyatake mtu." Alinitazama mimi, hakumtazama Gilman. "Wewe ulisema utani, na yule binti akasema anayataka."

Gilman alisema kwa sauti ya chini sana, "Yatolewe sasa basi."

"Sasa yana mwenyewe. Hayaondoki mpaka mtu mwingine ayatake."

Njiani kurudi Gilman alimpigia simu Alton Plourde, mwenye lori lenye pampu ya kunyonya mafuta. Alton ni mtu wa maneno machache ambaye ameteremka vyumba vya chini vingi, na alipotajiwa ile nyumba alisema atafika saa tisa na nusu, na kwamba hatashuka ngazi. Mpira wa kunyonyea atatukabidhi sisi.

Lucette tulimleta, kwa sababu Gilman alikataa kumwacha. Tukamkalisha kwenye ndoo ya plasta iliyofudikizwa, hatua tano kutoka tangini, na koti lake na kofia yake. Bandeji ya mkono ilikuwa safi. Uso wake ulikuwa mtulivu, na Gilman akimwita macho yalisogea kidogo, yakichelewa, kama taa ya nyumba ya mbali mtu anapopita mbele yake. Harufu ya blanketi lile ilikuwa nzito kiasi cha kuwa na ladha. Niliimulika geji kwa tochi. Kijiti chekundu kilikuwa kimebakiza unene wa kidole kufika juu.

Alton akaita kutoka mlango wa juu. "Yanakwenda wapi? Siruhusiwi kuyabeba bila jina la anayepokea."

"Mimi," Gilman akasema. "Peleka kwangu. Nayataka. Niandike mimi, nayataka."

Alton akaandika, akawasha pampu. Mpira ukajikunja, ukatetemeka, pampu ikanguruma kama gari lililokwama kwenye tope, na halikutoka tone. Ndani ya tangi kitu kikagonga mara moja, kwa uchovu, kama mtu anayemwambia mtoto hapana. Nje filimbi ikaanza kulia, nusu saa kabla ya wakati wake, na haikuwa nyembamba tena, ilikuwa inakatikakatika, hewa inayotafuta pa kupita, na kila ikikatika kope za Lucette zilikuwa zinashuka, na kila ikirudi zilikuwa zinapanda lakini hazifiki pale zilipokuwa, na Gilman alikuwa amepiga magoti mbele yake, ameshika nyuso zake zote mbili, maana mimi nawaapia kwenye mwanga wa ile tochi zilikuwa mbili, ule wa mke wake na mwingine uliokuwa unachungulia kutoka ndani yake kuona kama chumba kimeshakuwa kitupu, na akawa anamwambia taratibu, "Mtaje mtoto. Lucette, mtaje mtoto wetu," na midomo yake ikafunguka, na ikabaki hivyo.

"Pampu yangu itaungua," Alton akasema kutoka juu. "Semeni jina jingine au nazima. Nani anayapokea?"

"Niandike mimi," nikasema. "Renaud. Nayataka."

Mpira ukaruka mikononi mwangu. Ulikuwa na joto. Mafuta yakaenda kwa kasi ambayo sijawahi kuiona pampu yoyote ikiifanya, tangi likanywea na kugonga pande zote, na kitu kikapita ndani ya mpira chini ya viganja vyangu, kirefu, kikiwa na vifundo.

Nyuma yangu nikasikia mtu anavuta pumzi kupitia kwenye meno.

"Mkono," Lucette akasema. "Gilman, mkono wangu unauma."

Maumivu ya wiki mbili yalikuja yote pamoja. Alijikunja juu ya ile ndoo akalia kwa sauti ya mnyama, na mdogo wangu akamkumbatia, akawa anacheka na kulia na kusema, "Unauma, eeh? Unauma kweli?" kama mtu anayeomba habari njema irudiwe. Kabla hawajafika hospitali Lucette alishampigia binti yake, akamwambia nadhani mara kumi kwamba amesikia, amesikia, ana mimba, amesikia.

Nyumba ile waliiuza mwezi wa Mei, bila tangi. Kuta zake ni nzuri. Lucette ana kovu, na hunipikia maharage kila Jumamosi, na haruhusu mtu aniseme vibaya mbele yake.

Kwangu filimbi huja saa kumi. Alton alipoyamwaga tangini kwangu yalibaki kimo cha shubiri tu, yakaanza upya, na yanapanda polepole kama kwa Odias: leo geji ni nusu. Kalamu hii nimeishika kwa mkono wa kushoto, na wa kulia uko hapa mezani, naweza kuuona. Juzi nilianguka kwenye ngazi za kanisa mbele ya watu wote, na walipokimbia kuniinua niliwaambia kitu cha kuwachekesha, wakacheka, nami nikawatazama wakicheka kama unavyotazama mvua iliyo upande wa pili wa kioo.

Kanisani wananiita mtu aliyejitoa kwa ajili ya shemeji yake. Padri alilisema kwenye mahubiri, Lucette akalia, na mimi sikumsahihisha mtu. Gilman bado hulala akijiuliza kwa nini yeye, aliyeyataka kwa kumpenda mkewe, yalimkataa, na mimi yakanikubali kwa neno moja. Kamuulizeni jini, atawaambia kwamba yeye hadanganyiki. Gilman alikuwa anamtaka Lucette. Mimi, shemeji yangu akizimika hatua tano kutoka kwangu, nilikuwa nimesimama na tochi nikipiga hesabu kwamba tangi la nyumbani kwangu limebakiwa na mafuta ya inchi tatu tu, na haya yakiingia yote, sinunui mafuta mpaka Pasaka.